Kifungu cha Tisa

Bishkek, ghorofa ya tatu, saa kumi na mbili na nusu jioni.
Nje theluji imeshakuwa tope, na moshi wa makaa
umeshuka hadi kwenye vioo kama mdai asiyebisha hodi.
Wanafunzi kumi na wanane wa cheti cha uzamili,
sheria ya kimataifa na diplomasia,
wamevua makoti, wakayavika migongo ya viti.
Chumba kinaonekana kimejaa mara mbili.

Tazagul ametoka kazini, famasi. Vidole vyake
bado vinanuka spiriti.
Wiki ya kumi na moja. Ameshajua
kwamba balozi hakamatwi, hufukuzwa kwa adabu;
kwamba mkoba wa kidiplomasia haufunguliwi
hata ukilia;
kwamba kunyamaza nako, kuna siku, huhesabiwa ridhaa.
Hili la mwisho alilijua tangu kwao.

Leo ni zoezi. Mto wa kubuni, nchi mbili za kubuni.
"Nchi A iko juu, Nchi B iko chini,"
asema Klara Jumabekovna, akizungusha kofia ya manyoya
yenye vikaratasi.
Tazagul achota chake, akifunua.
B.

Wa chini.

Hakuna darasani ajuaye
kwamba yeye amezaliwa juu ya mfereji,
nyumba ya nne toka lango la maji;
kwamba ufunguo wa lango lile, chuma kirefu kama mkono wa mtoto,
hutundikwa jikoni kwao, kando ya kalenda,
na baba huushika asubuhi kabla hajashika chai.
Kwamba huko chini, ng'ambo ya mpaka,
alikuwepo Mohira, wa rika lake,
ambaye walikuwa wakirushiana aprikoti mbichi,
kisha, mwaka ule wa ukame, mawe.
Kurushiana ni kurushiana. Kitenzi hakikubadilika.

Aandika: *Maji yatagawanywa kwa haki.*
Klara Jumabekovna ainamia daftari, miwani imeteleza.
"Haki ya nani? Saa ngapi? Mwezi gani?
Neno zuri ni mlango usio na bawaba, binti.
Usiniandikie mlango. Niandikie bawaba."

Upande wa pili wa meza, Sanjar, mjumbe wa Nchi A,
kijana wa mjini asiyewahi kushika jembe,
asema kwa upole uliopigwa pasi:
"Sisi hatujawahi kuwanyima. Mnasubiri zamu tu."
Tazagul asikia sauti ya baba yake
ikitoka kwenye tai ya hariri.
Sentensi ile ile. Hata nukta.
Safari hii aitazama kutoka chini,
jinsi inavyomfikia mtu mwenye miche inayokauka:
laini, imenyooka, na haina tone.

Kalamu ikasimama. Ikakata. Ikaanza upya:

*Kifungu cha tisa. Lango litakuwa na kufuli mbili.
Ufunguo mmoja utakaa juu, mmoja chini.
Hakuna atakayefungua peke yake,
wala atakayefunga peke yake.*

Sanjar alikataa. Wakabishana hadi mlinzi
akaja kuzima taa za korido.
Walitia saini wakiwa wamevaa makoti.

Wiki iliyofuata daftari likarudi: sabini na moja kwa mia.
Pembeni, kwa wino wa kijani:
"Kifungu cha 9 hakisemi nani atalipia grisi."

Usiku huo akampigia baba.
Mbwa, redio, kisha kikohozi.
"Baba, lango lile hula grisi kiasi gani kwa mwaka?"
Kimya. Kama ni kile kinachohesabiwa
au kile cha kawaida cha baba,
kwa simu hakuweza kukijua.
"Wataka nini na grisi?"
"Ni ya masomo."
"Makopo mawili. Matatu, baridi ikizidi.
Na wale hawajawahi kuchangia hata moja."
"Mliwahi kuwaomba?"

Redio ikaendelea peke yake.

Tazagul akaandika pembeni: *nusu kwa nusu.*
Akakumbuka bawaba. Akakata, akaandika:
*kopo moja na nusu kila upande,
kabla ya mwisho wa Machi.*